Neno Lililoshuka Cheo

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Anselmi katika makaburi ya mjini Bukoba, na mtu wa kwetu akisikia sentensi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mhaya mwenye kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba la ukoo, hazikwi mjini. Huzikwa nyumbani, katikati ya migomba, karibu na waliomtangulia, ili wajukuu wakienda kukata ndizi wapite pale waseme neno. Mwalimu alikuwa na kwao, Izigo, kwenye shamba la ndizi na kahawa lililotunzwa vizuri kuliko mengi, lakini tulimzika kwenye udongo wa kokoto, kando ya mkewe, na waombolezaji wote tungeenea katika sebule moja ya kawaida. Padri alikuwa na haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani. Nyuma yangu kijana mmoja alimwuliza mwenzake marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na mwenzake akajibu kwa neno moja la Kiingereza: surly. Alilitamka vizuri kabisa. Nilitamani kugeuka nimwulize kama anajua neno hilo lilikotoka, maana mimi najua, na aliyenifundisha ndiye huyo waliyekuwa wanamfukia. Sikugeuka. Mwanamke wa umri wangu akigombana na vijana makaburini kwa sababu ya neno, ataitwa hivyo hivyo na yeye.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa msichana wa kuolewa, kama watu walivyopenda kunikumbusha, na nilikuwa nimefeli Kiingereza. Masomo mengine nilifaulu. Kiingereza kiliniangusha kifudifudi. Ikaamuliwa nirudie mtihani nikiwa mjini, nikae Kashai kwa dada Verediana, binti wa mama yangu mdogo, aliyekuwa fundi cherehani, na kila alasiri niende mtaa wa Bakoba kufundishwa na mwalimu mstaafu ambaye hakuna aliyemtaja bila kukunja uso. Chumba chetu Kashai kilikuwa kimoja, na pazia katikati: huku kitanda, kule cherehani, jiko la mkaa na marobota ya vitambaa vya watu. Tulikula ndizi na maharage, kesho yake maharage na ndizi, na Verediana akipata nguo za harusi tulikula sato. Ukuta uliotutenga na majirani haukufika paani, kwa hiyo mazungumzo yao yalikuwa yetu na yetu yakawa yao. Jioni moja nilimsikia mama wa upande wa pili akimwambia mumewe, "Leo nimempita yule mwalimu wa Bakoba. Nimemwamkia vizuri, akaitikia kama mtu anayetozwa ushuru." Mumewe akacheka mpaka akakohoa. Verediana akauma uzi kwa meno, akaninong'oneza, "Huyo ndiye wako. Mungu akusaidie."

Nilimkuta kama alivyosemwa, na zaidi. Mrefu, mkavu, shati limefungwa kifungo cha juu hata jua likiwaka. Alitaka nimwite "sir", na nikisahau alikaa kimya akitazama dirishani mpaka nikumbuke. Sebule yake naiona mpaka leo bila shida: viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe alivyofuma mkewe, Ma Justina, picha ya Bikira Maria, saa ya ukutani iliyosimama ambayo hakuruhusu ishushwe kwa sababu, alisema, kosa si la saa, ni la fundi. Ufundishaji wake ulikuwa wa ajabu. Hakukubali nichukue maana ya neno kabla sijajua limezaliwa wapi na limepita mikono ya nani. "Huwezi kumwoza binti yako kwa mtu usiyejua kwao," alikuwa akisema, "basi usiweke katika sentensi yako neno usilojua ukoo wake." Wenzangu waliosoma kwingine walikariri kurasa kwa kurasa. Mimi nilirudi Kashai na maneno machache, lakini yaliyokaa. Nami baadaye nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, na njia hiyo nimeiiba bila aibu.

Ilikuwa katika duka la Mama Zuhura, pale Kashai, nilipolisikia lile neno mara ya kwanza. Karani mmoja wa mjini, aliyependa kuchanganya Kiingereza hata akinunua chumvi, alikuwa anamlalamikia Mama Zuhura kuhusu mwalimu fulani aliyemsahihisha mbele ya watu. "That man is surly," akasema. Mama Zuhura, ambaye hakujua Kiingereza lakini aliwajua watu, akajibu, "Basi, na wewe usimsogelee." Nikalibeba neno mpaka Bakoba kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani.

"Sir," nikauliza kabla hata sijafungua daftari, "surly maana yake nini?"

Hakuinua macho. "Umelisikia wapi?"

"Dukani, Kashai."

"Lilikuwa linamhusu nani?"

"Sijui, sir. Walisema mwalimu fulani."

Ma Justina alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage. Aliacha kuchambua. Hapo ndipo nilipoelewa nimeleta nini katika nyumba ile. Lakini Mwalimu alitulia kabisa, akafuta miwani yake.

"Andika," akasema. "Ni mtu mwenye hasira za karibu, asiyechangamkia watu, ambaye ukimsogelea unajuta. Hiyo ndiyo maana. Sasa ukoo wake. Limezaliwa na neno unalonitamkia kila siku: sir. Waingereza wa kale walikuwa na mabwana zao wenye vyeo. Mtu akitembea kama bwana, akisema kama bwana, walimwita surly, ingawa enzi zile waliliandika tofauti kidogo. Ilikuwa sifa. Umeandika?"

"Nimeandika, sir."

"Kisha watu wakachoka. Waliwaamkia mabwana, mabwana wakaitikia kwa pua. Taratibu neno likawa la mwenye majivuno, na kutoka hapo likawa la mtu mkali asiyesogeleka. Limeshuka cheo ngazi kwa ngazi. Lakini naona bwana mwenyewe hakuambiwa. Labda aliendelea kulisikia akidhani bado anasifiwa."

"Na wewe ulipolisikia leo, Mwalimu," Ma Justina akauliza kutoka kizingitini, "ulidhani nini?"

Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini kilikuwa kicheko, na Ma Justina akarudi kwenye maharage yake akitabasamu. Tangu siku ile sikumwogopa tena. Niliona kuna mtu ndani ya shati lile lililofungwa mpaka shingoni, na huyo mtu alikuwa anajua jinsi anavyoonekana kwa nje. Kwa miaka mingi nilidhani kujua kunatosha.

Ma Justina ndiye aliyeniambia kilichokuwa kinamla. Aliniambia jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, tukimenya ndizi. Baba yake Mwalimu alipofariki, Mwalimu alikuwa anafundisha mbali, na habari zilipomfikia akasafiri usiku na mchana. Alipofika Izigo alikuta kaburi limeshafukiwa. Kaka yake mkubwa, Ta Kristiani, ndiye aliyeamua wasisubiri. Mwalimu akasimama uani mbele ya watu wote akasema, "Umemzika baba kama mtu aliyekuwa na mtoto mmoja." Hakuketi, hakutafuna kahawa ya msiba, akageuka akaondoka. Hakukanyaga tena Izigo. "Na mimi, Koku mwanangu," Ma Justina akasema, akitumbukiza ndizi kwenye maji, "naona tunazeeka. Mwanamke huzikwa kwa mumewe. Mume wangu asiye na kwao, mimi nitazikwa wapi? Hapa mjini, kati ya watu nisiowajua?" Alisema bila kulia, kama anayeuliza bei ya kitu sokoni. Ndicho alichokuwa anakitaka mwaka ule, hicho tu: watu wale wawili wakae pamoja, ili yeye ajue mahali atakapolala.

Na kwa kuwa mimi kwetu ni Izigo, nikawa tarishi. Nilikuwa nikienda nyumbani mwisho wa mwezi, nikipitia kwa Ta Kristiani na salamu za shemeji yake. Alikuwa mzee mpole kwa sura, mwenye sauti ya chini, lakini naye shati lake lilifungwa mpaka kifungo cha juu. Mara ya kwanza alinisikiliza akaniuliza habari za mvua. Mara ya pili akauliza kama Ansi, ndivyo alivyomwita mdogo wake, bado anakula vizuri. Mara ya tatu, senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameanza kuanguka, akasema, "Mwambie shemeji yangu nitakuja Jumapili, baada ya misa." Nilirudi Bukoba karibu ninakimbia. Ma Justina aliponisikia alifumba macho, akasema, "Kasinge, waitu," hakusema na mimi, alimshukuru Mungu.

Jumapili hiyo nyumba ilinukia ndizi na samaki tangu asubuhi. Ta Kristiani alikuja amevaa koti, mkononi senene waliofungwa kwenye jani la mgomba, na kijana wa kumbebea mkungu. Ndugu wale walishikana mikono. Waliulizana hali kwa Kihaya kirefu, kile cha salamu zisizoruka mtu hata mmoja, na mimi na Ma Justina tulisimama nyuma ya mlango tumeshikana vidole kama wasichana wa rika moja. Kisha ikafika zamu ya kahawa. Asiyekuwa wa kwetu ajue kwamba kahawa hii hainywewi. Ni punje zilizochumwa kabla hazijaiva, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Tunaiita akamwani, na hutafunwa. Mgeni hapewi chakula kabla hajapewa kahawa. Mwenye nyumba hutangulia kuchukua moja akatafuna, ili mgeni aone haina kitu kibaya, ndipo humpa. Na mkubwa wa umri hutangulia mdogo, katika hilo na katika kila kitu. Siku zote sheria hizi mbili huishi pamoja bila kugombana.

Nilipiga magoti nikaweka kikapu kidogo mbele ya Mwalimu, maana ndiye mwenye nyumba. Mwalimu akakifunua, akakisogeza kwa kaka yake. "Mkubwa huanza," akasema, kwa heshima.

Ta Kristiani akatabasamu, akakirudisha. "Mimi leo ni mgeni. Mwenye nyumba huanza."

"Siwezi kukutangulia, kaka."

"Ni nyumba yako, Ansi."

Kikapu kikaenda, kikarudi. Mara ya kwanza ilikuwa adabu. Mara ya pili bado ilikuwa adabu. Baada ya hapo niliona tabasamu likikauka kwenye nyuso zote mbili kwa wakati mmoja, na kikapu kikabaki katikati ya meza, kimefunuliwa, hakuna anayekitazama. Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza bei ya kahawa, bila hata mmoja kuangalia kahawa iliyokuwa mbele yake. Jikoni Ma Justina alikuwa ameshapakua, akasimama ameshika sinia, na hakuweza kulipeleka. Hatimaye Ta Kristiani akainuka, akanyoosha koti lake. "Nimewaona," akasema. "Nashukuru. Niwahi gari." Mwalimu akamsindikiza mpaka mlangoni, si zaidi. Senene wale walibaki juu ya kabati mpaka jioni, na hakuna aliyewakaanga.

Mimi ndiye niliyemsindikiza mzee mpaka stendi. Tulipokaribia kufika akasema, kama anayezungumza na fimbo yake, "Amekataa kuonja kahawa ya nyumbani kwake mbele yangu. Mtu hukataa kwa nini?" Niliporudi Bakoba nilimkuta Mwalimu amekaa pale pale, kikapu pale pale. "Umesikia?" akaniambia. "Ananilazimisha nianze mimi, ili aone kama nitaanguka. Baba mmoja, mama mmoja, na ananipima kama mchawi." Kila mmoja alikuwa amemheshimu mwenzake, na kila mmoja alihesabu heshima ya mwenzake kuwa ni shutuma ya sumu.

Sitaki msomaji adhani nilinyamaza. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi sikuchukua jembe. Nilimwambia Mwalimu hapo hapo alichosema kaka yake njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona uso wake ukibadilika, niliona ameelewa, naweza kuapa. Kisha akafunga kile kifungo cha juu, ambacho hakikuwa hata kimefunguka, akasema, "Basi angesema hapa, mbele yangu. Akija akasema, nitamsikiliza." Mwisho wa mwezi nikaenda Izigo, nikamwambia na Ta Kristiani. Naye akaelewa. Akasugua goti. "Kumbe," akasema. "Basi aje aniambie mwenyewe. Mimi ndiye mkubwa." Nikamwambia kwa adabu, "Waitu, ukisubiri yeye na yeye akikusubiri wewe, nani atakuja?" Akanitazama kwa upole kama mtoto aliyeuliza kwa nini jua linakuchwa. Walikuwa wameshaujua ukweli wote wawili. Walichokosa ni mmoja wa kutangulia mlangoni kwa mwenzake.

Ndiyo maana kijana yule wa makaburini alinichoma. Hakukosea. Mwalimu alikuwa surly, na kaka yake pia, pamoja na sauti yake ya chini. Lakini kijana alikuwa anasema habari ya uso na salamu, mimi nilikuwa nakumbuka ukoo wa neno: bwana hatangulii mtu. Bwana husubiri ajiwe. Mwalimu aliniandikisha hayo kwa mkono wangu, akacheka, akajua kwamba linamhusu, na bado halikumsaidia kitu siku ya kahawa. Nimejiuliza mara nyingi elimu ni ya nini kama haiwezi kuusukuma mkono wa mtu upana wa meza. Nimefundisha mpaka nimestaafu, na bado najiuliza.

Mtihani nilifaulu. Niliondoka Bukoba, nikapangiwa kazi mbali, nikawa narudi likizo. Ma Justina alifariki kabla ya mumewe, miaka mingi kabla, na kwa kuwa hapakuwa na aliyekwenda Izigo kuomba mahali, alizikwa mjini, kati ya watu asiowajua, kama alivyoogopa. Nililia siku ile kuliko nilivyowalilia watu wa damu yangu. Baada ya hapo mambo yakawa yamefungika. Nilimsikia Mwalimu kwa masikio yangu akimwambia padri, "Mke wangu yuko hapa. Mimi nitakwenda wapi?" Na hiyo, mtu asidanganyike, haikuwa hasira tena. Alikuwa ameshazeeka, mwenye kusema polepole, na vijana wa Bakoba waliobaki wakimwogopa walikuwa wanaogopa sifa ya zamani.

Baada ya mazishi nilikwenda Izigo. Ta Kristiani bado yupo, mzee sana, miguu imemkataa, ndiyo sababu hakufika. Nilimkuta kwenye kiti chake mlangoni, amefunikwa blanketi, mjukuu wake wa kike anamwangalia.

"Mmemzika?" akaniuliza.

"Tumemzika, Ta."

"Walikuwepo watu?"

"Walikuwepo wengi, waitu," nikasema, na Mungu anisamehe.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainua kidole, akanionyesha shambani. Kibanja cha watu wale ni kizito, migomba imeshikana majani, jua halifiki chini. Lakini pembeni ya kaburi la baba yao palikuwa na pengo. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, na jua lilikuwa linaangaza udongo mtupu.

"Pale ni pa Ansi na mkewe," akasema. "Nilipasafisha wiki ile ya senene, kabla sijaja Bukoba. Ndilo lililonileta. Nilitaka nimwambie tukishakula."

Nilifikiria sinia la Ma Justina, likipoa mikononi mwake jikoni. Miaka yote hiyo mzee alikuwa anawaambia watoto wake wafyeke pale, wasipande, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu hapakuwa na mtu nyumbani kwake wa kuthubutu kumwuliza.

Mjukuu akaleta kahawa. Kikapu kilikuwa kidogo, chenye mfuniko, kama kile kingine. Akapiga magoti akakiweka mapajani mwa babu yake. Safari hii hapakuwa na la kubishana: mwenye nyumba ni yeye, na mkubwa ni yeye. Akafunua, akatafuta punje muda mrefu mpaka akaipata moja. Meno ya kutafunia hana. Akaiweka mdomoni hivyo hivyo, akafunga midomo, akawa anaimumunya huku anatazama lile pengo.

"Ansi," akasema, "nimeanza mimi."

Kisha akanisogezea kikapu.